Mtu Aliyepima Jiko

Chumba changu cha kwanza cha kupanga pale Kibaha kilikuwa futi kumi kwa kumi. Nilikipata kupitia dalali mmoja wa Maili Moja, akala kodi ya mwezi mzima kama malipo yake, na mwenye nyumba akataka ya miezi sita mkononi. Nyumba yenyewe unaijua, hata kama hujawahi kufika Kibaha: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani choo, bafu na bomba moja. Wapangaji sita, majiko sita, kila jiko mlangoni kwa mwenyewe. Jioni korido nzima ilinuka dagaa, mafuta ya taa na sabuni ya kufulia. Ukitaka kutoka ulikuwa unaruka sufuria za watu.

Siku ya tatu niliazima futi kwa fundi aliyekuwa anajenga jirani, nikapima. Kitanda kilikula karibu theluthi ya chumba. Ukiweka meza ya kuandikia, ndoo mbili za maji na begi la nguo, kilichobaki ni njia ya kufika mlangoni. Nikajiuliza swali ambalo sikuwa na wa kumuuliza: nani aliyeamua kwamba mtu mzima, au mtu na mkewe na watoto wawili kama jirani zangu wa chumba cha pili, anatosha futi kumi kwa kumi? Kuna mtu aliwahi kukaa chini akakokotoa, au ilitokea tu?

Jibu la sehemu ya kwanza nililipata miaka mingi baadaye, kwa njia ya kuzunguka kidogo. Nilikuwa nimemaliza kusoma *Afterlives* ya Abdulrazak Gurnah, nikawa natafuta habari za Wajerumani waliokuja Tanganyika baada ya utawala wao kuondoka, si wale wa kabla. Tumezoea kufikiri kwamba Mjerumani aliondoka 1916 na 1917 na stori ikaishia hapo. Kumbe kuanzia 1925 Waingereza waliwaruhusu kurudi, na wengi walirudi, hasa Arusha, Moshi na nyanda za kusini. Katikati ya hao wakulima nikakuta jina la mtu ambaye hakuwa mkulima hata kidogo. Ernst May, msanifu majengo. Mtu ambaye kazi ya maisha yake ilikuwa ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa naifanya kwa futi ya kuazima: kupima chumba cha mtu asiye na hela.

Ulaya jina lake linafundishwa vyuoni. Huku kwetu nimeuliza watu wengi, wakiwemo wahandisi wawili, na wote walidhani namtaja mwezi wa tano.

May alizaliwa Frankfurt mwaka 1886. Alisoma Ujerumani na Uingereza, na akiwa kijana alifanya kazi London katika ofisi ya Raymond Unwin, mmoja wa waasisi wa ile fikra ya miji ya bustani: kwamba mfanyakazi naye anastahili jua, hewa na kipande cha ardhi cha kupanda mboga, si kurundikwa kwenye majengo marefu yenye giza ambako familia nzima ililala chumba kimoja. Fikra hiyo aliibeba maisha yake yote. Baada ya Vita ya Kwanza alijenga makazi ya vijijini Silesia, mashariki mwa Ujerumani ya wakati ule, na mwaka 1925 meya wa Frankfurt, Ludwig Landmann, akamwita nyumbani na kumkabidhi idara ya ujenzi ya jiji.

Hapa inabidi nisimame kidogo, maana watu wakisikia "nyumba za gharama nafuu" wanauliza hapo hapo hela ilitoka wapi. Ilitoka kwa wenye nyumba. Ujerumani ilipopigwa na mfumuko wa bei wa 1923, pesa iligeuka makaratasi. Aliyekuwa na deni la nyumba alililipa kwa bei ya mkate, akabaki na nyumba isiyodaiwa. Serikali ikasema hapana, faida hiyo ya bure haiwezi kuwa yako peke yako. Ikaweka kodi kwa nyumba za zamani na sehemu ya mapato yake ikaenda kujenga nyumba mpya. Kila nikiisoma sehemu hii nawaza jinsi wenye nyumba wa Kibaha wangeipokea habari hiyo.

Kwa hela hiyo, ndani ya miaka mitano, May na wenzake walijenga nyumba zaidi ya elfu kumi. Alikuwa na wasanifu, wachora bustani, mpaka wachora herufi, na alikuwa na jarida lake, *Das Neue Frankfurt*, la kuwaeleza watu kwa nini nyumba zao mpya zina paa bapa na hazina mapambo. Vitasa vya milango viliwekwa kipimo kimoja. Madirisha vivyo hivyo. Katika mtaa wa Praunheim walijaribu kutengeneza kuta kiwandani, mabamba makubwa ya zege jepesi yanayonyanyuliwa kwa winchi na kupangwa kama karata. Mtaa wa Römerstadt, uliojengwa 1927 na 1928 ukiwa na nyumba kama 1,200 kando ya bonde la mto Nidda, ulikuwa wa kwanza Ujerumani ambao kila nyumba ilipikia na kupasha maji kwa umeme. Mwaka huo, 1928, Kisarawe ilikuwa inapikia kuni. Na bado inapikia, kwa sehemu kubwa.

Lakini kitu kilichoitembeza dunia sifa ya Frankfurt ni jiko. Lilichorwa 1926 na mwanamke aliyekuwa kwenye timu ya May, Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu kutoka Vienna. Chumba chenyewe ni chembamba, kama mita 1.9 kwa 3.4. Alitumia saa ya kuhesabia sekunde. Alihesabu hatua za mama akitoka kwenye sinki kwenda kwenye jiko, akitoka kwenye jiko kwenda mezani, akazipunguza mpaka karibu kila kitu kikawa mkono unafika. Kuna kiti cha kuzunguka, ubao wa kupigia pasi unaokunjwa ukutani, na droo ndogo za aluminiamu zenye mdomo, moja ya mchele, moja ya sukari, unazichomoa na kumimina moja kwa moja. Yapatayo majiko elfu kumi yaliwekwa kwenye nyumba za Frankfurt. Mwenyewe Schütte-Lihotzky alikuja kukiri kwamba wakati anachora jiko hilo alikuwa hajawahi kupika. Hilo nilicheka peke yangu. Halafu nikakumbuka kwamba huyo huyo alikamatwa na Wanazi mwaka 1941 kwa kazi ya siri ya kuwapinga, akakaa kifungoni mpaka vita vilipokwisha 1945, akaishi mpaka mwaka 2000. Kicheko kikaisha.

Mwaka 1929 wasanifu wa mrengo mpya kutoka nchi mbalimbali walikutana Frankfurt kujadili jambo moja tu: nyumba kwa ajili ya mtu mwenye kipato cha chini kabisa. Swali lao lilikuwa la kitaalamu na wakati huo huo la kiutu. Ni ukubwa gani ambao ukipungua chini yake mtu haishi, anahifadhiwa tu? Basi ndiyo hivyo. Niliposoma habari za mkutano ule niliiona futi yangu ya kuazima. Kumbe walikuwepo watu walioketi chini wakakokotoa, na wakakubaliana kwamba chumba kidogo si tatizo kikiwa na dirisha sahihi, choo chake na jiko lake. Chumba changu cha Kibaha kilikuwa na udogo wake, ila hivyo vingine havikufika.

Nisimpambe. Nyumba nyingi za May ziliishia kwa makarani, walimu na mafundi wenye ajira nzuri. Maskini wa kweli kodi iliwashinda. Hilo nalo tunalijua, halihitaji tafsiri.

Mwaka 1930, uchumi wa dunia ukiwa umeanguka na hela ya ujenzi imekauka, Urusi ya Kisovieti ilimwita. Alikwenda na kundi la wataalamu, Schütte-Lihotzky akiwa mmoja wao, kupanga miji mipya ya viwanda. Mkubwa kati ya hiyo ulikuwa Magnitogorsk, mji wa chuma uliokuwa unachipuka uwandani kabla hata ramani haijakauka wino. Michoro yake mingi ilibadilishwa au kuachwa. Kufikia 1933 mambo yalikuwa yamemkalia vibaya Moscow, na Berlin alikuwa ameingia Hitler. May alikuwa na asili ya Kiyahudi, na kwa Wanazi zile paa zake bapa zilikuwa dalili ya ukomunisti. Nyumbani hapakuwa nyumbani tena.

Akaja Tanganyika.

Nimejaribu kuipata picha yake. Mwaka 1934, mwanamume wa miaka arobaini na nane, amejenga nyumba za maelfu ya watu, amechorea miji Siberia, sasa yuko chini ya Mlima Meru na mke wake Ilse na vijana wao wawili, analima kahawa. Majirani zake Wajerumani wengi walikuwa wameshaanza kupandisha bendera ya swastika. Chama cha Hitler kilikuwa na matawi Tanganyika. Huko hakuwa na rafiki wengi, na kwa Waingereza alibaki Mjerumani. Alivumilia shamba miaka michache, kisha 1937 akahamia Nairobi kufungua ofisi. Vita vilipoanza, Waingereza hawakuuliza nani ni Nazi na nani amewakimbia Wanazi. Alikamatwa, akapelekwa kizuizini Afrika Kusini, karibu miaka miwili.

Kuanzia hapa ndipo habari yake inanihusu zaidi, na ndipo inaponiumiza.

Frankfurt mteja wake alikuwa mfanyakazi. Nairobi mteja wake alikuwa nani? Tazama orodha ya kazi zake za miaka ile: nyumba za walowezi, fleti za Delamere Nairobi, baadaye hoteli ya Oceanic kule Mombasa iliyopindwa kuelekea bahari ili vyumba vyote vipate upepo, hospitali ya uzazi ya Aga Khan Kisumu. Majengo mazuri. Alielewa jua letu haraka kuliko Wazungu wengi waliomtangulia, alijua kwamba ukuta unaotazama magharibi ni adui na kwamba kivuli ni sehemu ya jengo. Lakini mfanyakazi hayupo kwenye orodha. Kwa serikali ya kikoloni mfanyakazi wa Kiafrika mjini alikuwa mpita njia. Nairobi makazi yake yalihesabiwa kwa nafasi ya kitanda, si kwa chumba, sembuse nyumba, maana ilidhaniwa mke na watoto wako kijijini na yeye atawafuata kazi ikiisha. Dar es Salaam nako mji ulikuwa umekatwa vipande vitatu, Uzunguni, Uhindini na kwetu, Kariakoo na Ilala, kila kipande na aina yake ya nyumba inayoruhusiwa.

Mwaka 1945 serikali ya Uganda ilimpa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala, vilima vya Kololo na Naguru. Hapo alikuwa na nafasi ya kusema vingine. Alichora mpango mzuri wa barabara zinazofuata mgongo wa kilima, mabonde yaachwe kijani, shule ziwe karibu na watu. Halafu Waafrika akawaweka Naguru, wengine Kololo, na ukijani ukawa katikati. Maandishi yake ya wakati ule yanamzungumzia Mwafrika kama mtu anayepanda ngazi, ambaye nyumba yake itakuwa bora hatua kwa hatua kadiri naye "anavyostaarabika". Mtu yule yule ambaye Frankfurt aliamini kwamba nyumba bora humfanya mtu awe bora, si mpaka awe bora ndipo apewe nyumba. Aligeuza sentensi yake mwenyewe miguu juu.

Na nyumba aliyomchorea huyo Mwafrika ni ipi? Wakati huo huo alibuni mfumo wa vipande vya zege vinavyotengenezwa kabla na kuning'inizwa kwa kulabu kwenye fremu zilizopinda, ukuta na paa vikiwa kitu kimoja. Ukiitazama kwa mbele, nyumba ina umbo la yai lililokatwa. Alisema umbo hilo linatokana na vibanda vya asili vya Kiafrika. Faida yake ni kwamba haikuhitaji mafundi wengi wenye ujuzi: unamwaga zege kwenye kalibu, unasubiri likauke, unapachika.

Nilimwonyesha picha fundi mmoja anayefyatua matofali kule Picha ya Ndege, kijana wa rika langu tuliyezoeana. Akaiangalia simu muda mrefu, akaikuza picha kwa vidole.

"Bro, hii nzuri kwa kuku," akasema. "Kabati unaliegemeza wapi? Kitanda ukikisogeza ukutani, kichwa kinagonga paa."

Nikamwambia aliyebuni ni bingwa, Ulaya wanamsoma.

"Sijasema hajui zege. Zege analijua, ona hapo kwenye maungio. Ila hajawahi kuhamia chumba na kitanda cha sita kwa sita."

Nikacheka, lakini nikabaki nalo. Kwa Römerstadt May alijua mfanyakazi ana kabati, ana pasi, ana mchele wa kumimina kwenye droo. Alijua kwa sababu aliuliza, au alikuwa na watu waliouliza kwa saa mkononi. Sijaona popote kwamba kuna mtu alihesabu hatua za mama wa Naguru.

Sasa twende Moshi, maana stori ingeishia hapo ningeiacha na mimi nisingeandika.

Nilikwenda kwa kazi nyingine, habari za mnada wa kahawa. Nilikuwa na saa mbili za kupoteza, nikatembea mpaka jengo la KNCU. Nilikuwa nimeshapita pale mara kadhaa utotoni tukienda msibani Marangu, sikuwahi kulitazama. Safari hii nilijua ni la nani. Ni jengo la zege la mwanzoni mwa miaka ya 1950, refu, jepesi machoni, mbele yake vikinga-jua vinavyokata mwanga vipande vipande, chini maduka, kivuli kirefu cha kupita mguu. Ingia ndani saa saba mchana, utahisi hewa inatembea. Hakuna kiyoyozi kinachofanya hivyo, ni mahesabu tu.

Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Kilimanjaro kilianzishwa 1933 juu ya msingi wa chama cha wakulima cha 1925. Baada ya vita bei ya kahawa ilipanda, na Wachaga wakajikuta na hela ambayo haikutoka serikalini wala kwa misheni. Wakaamua kujenga. Si ofisi peke yake. Walitaka maktaba, ukumbi, hosteli, maduka, mahali pa vijana kusomea biashara. Wakamwajiri msanifu kutoka Nairobi, wakamlipa kwa kahawa yao. Msanifu huyo ni Ernst May.

Na hapo hakuna umbo la yai. Hakuna kibanda cha asili, hakuna ngazi ya ustaarabu. Wateja walikuwa Waafrika, wamekaa upande wa pili wa meza na hela yao, wanasema tunataka hiki na hiki, na yeye akawachorea jengo ambalo angeweza kumchorea mtu yeyote popote, kwa ubora ule ule aliowapa watu wa Frankfurt. Pengine zaidi, kwa sababu hapa aliweka kivuli.

Nilikaa kwenye ngazi za jengo lile nikiwa na soda. Nilijaribu kuamua kama May alibadilika au mteja ndiye aliyebadilika. Naelekea hilo la pili. Msanifu ni fundi kama fundi wa Picha ya Ndege: anajenga kwa anayelipa, na anakuona kwa kiasi kile ambacho mkataba unamlazimisha akuone. Naguru mlipaji alikuwa gavana, kwa hiyo Mwafrika alikuwa takwimu. Moshi mlipaji alikuwa mkulima, kwa hiyo Mwafrika alikuwa mtu mwenye madai, anayerudisha mchoro na kusema hapa sipapendi. Najua kuna watakaonijibu kwamba huwezi kulinganisha nyumba ya kibarua na makao makuu ya chama tajiri. Sawa. Lakini Frankfurt alijenga vyote, na kwa mkono mmoja.

Mwishoni mwa 1953 alirudi Ujerumani. Nchi ilikuwa kifusi na inahitaji nyumba kwa mamilioni. Akafanya kazi Hamburg na kampuni kubwa ya nyumba, Neue Heimat, akashiriki kupanga mitaa mikubwa kama Neue Vahr ya Bremen. Alifariki Hamburg mwaka 1970, akazikwa Frankfurt. Kule Römerstadt nyumba moja imerejeshwa ilivyokuwa mwanzo na unaweza kuingia kulitazama jiko. Hapa jengo la Moshi lipo, watu wanapanda na kushuka ngazi, na sikuona kibao chenye jina lake. Sidai awekewe. Ningependa tu wale wakulima waliolipa nao waandikwe, maana katika makala za kigeni nilizosoma wanatajwa mstari mmoja, kama vile hela ilianguka kutoka mlimani.

Wiki mbili baada ya safari ile nilikwenda Kisarawe kumjulia hali bibi, mama mzaa mama. Nyumba yake iko mbele ya Minaki, unaacha lami unaingia njia ya mikorosho. Ni ya matofali sasa, mjomba aliijenga, na ndani kuna chumba kinachoitwa jiko, kina vigae na sinki. Bibi anakitunzia mahindi. Yeye anapikia nje, bandani, kwenye mafiga matatu, kama alivyopika kwenye nyumba ya miti na udongo iliyokuwepo kabla.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda, huko Kibaha hawapiki?"

Alikuwa anachemsha mihogo. Nikakaa kwenye kigoda, nikatoa simu, nikaanza kuhesabu. Kutoka kwenye mafiga hadi kwenye pipa la maji, hatua kumi na moja. Kutoka kwenye pipa hadi kwenye kuni, sita. Chumvi iko ndani, hatua kumi na tisa kwenda, na kurudi vile vile, na alikwenda mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alikutana na jirani mlangoni akasahau alichofuata. Mbuzi alifukuzwa, hatua nane. Ndani ya saa moja nilikuwa na karibu hatua mia mbili, na bibi yangu amevuka miaka themanini.

Nikamwonyesha picha ya jiko la Frankfurt. Nikamweleza yote: saa, hatua, droo za kumimina mchele, kila kitu mkono unafika. Akaisogeza simu mbali na macho, akaitazama kwa makini, kama anavyotazama kitambaa dukani.

"Kazuri. Kasafi," akasema. "Wanaingia wangapi?"

"Mmoja, bibi. Ndivyo kalivyopimwa."

"Mmoja." Akageuka kuwatazama jirani zake wawili waliokuwa wamekaa mkekani wanamenya mihogo ambayo haikuwa yao, na mtoto wa mmoja wao aliyelala kwenye khanga. "Sasa huyo mwanamke akipika anaongea na nani?"

Nikataka kumwambia kwamba swali hilo liliulizwa hata Frankfurt, kwamba wapo wapangaji waliolalamika na wasomi waliokuja kuandika vitabu, kwamba jiko lilimpunguzia mama hatua likamfungia peke yake. Lakini alikuwa ameshanirudishia simu.

"Sogeza kigoda, unanizibia upepo," akasema. "Na huyo aliyelichora, mke wake alikuwa anapika?"

"Aliyelichora ni mwanamke, bibi. Naye alikuwa hajawahi kupika."

Wale wawili mkekani waliangua kicheko hadi mtoto akaamka.